Mzee wa Kriketi na Uwanja wa Kupuria

Wajukuu zangu wakija kunitembelea kutoka Dodoma mjini huniuliza kwa nini napura uwele kwa kibao, wakati wanawake wote wa hapa wanapura kwa mti. Nawaambia kibao hiki kimetoka Uingereza, na kabla ya uwele kilikuwa kinapiga mpira. Wanatazamana, wanadhani bibi ameanza kupotea. Sijapotea. Miguu ndiyo imechoka, kichwa kiko palepale. Na kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa mwalimu na alinifundisha kalamu kwa lazima, nitaandika mwenyewe habari za mwenye kibao hiki. Majina nayaacha. Wenyewe wamepumzika, na mimi si mtu wa kuwasumbua.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, reli ikiwa imekwisha fika Dodoma. Sisi tulikaa upande wa Mpwapwa, chini ya vilima vinavyoelekea Kibakwe, na ukitoka alfajiri ulifika Boma la Wajerumani kabla jua halijawa kali. Pale kwetu palikuwa na misheni ya Waingereza: kanisa la udongo, shule ya chumba kimoja, na nyumba ya mzee mmoja Mwingereza. Hakuwa padre. Alikuwa seremala, aliletwa kujenga na kukarabati, na milango yote ya kanisa lile ni mikono yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Kiswahili alikisoma Unguja, kwa hiyo kilikuwa kizuri kuliko chetu, maana sisi Wagogo tulikiokota njiani kwa wapagazi na kwa watu wa mjini.

Mkewe alifariki kwa homa mwaka mmoja kabla sijaolewa. Alizikwa kando ya kanisa, na mzee akapanda minyaa kuzunguka kaburi. Ile minyaa aliipanda kwa nafasi ya watu wawili. Kila asubuhi kabla hajashika randa alikwenda kufagia pale, akakaa kidogo juu ya jiwe, ndipo akaanza kazi. Sisi wasichana tuliokuwa tunapita na vibuyu vya maji tulikuwa tunanyamaza tukifika mahali pale, na si kawaida yetu kunyamaza.

Kujuana kwetu kulianzia kwenye mshono. Kwetu kibuyu hakitupwi kwa sababu kimepasuka. Unatoboa matundu pande mbili za ufa, unapitisha mshipa wa ng'ombe uliolowanishwa, unakaza, na kibuyu kinarudi kubeba maziwa. Mimi nilikuwa fundi wa kazi hiyo, nasema bila aibu, na watu walinitafuta kutoka mbali. Basi siku moja, nikiwa mke mpya nyumbani kwa mwalimu, mzee alikuja hadi uani kwangu, kofia mkononi.

"Mbukwa, binti," alinisalimu kwa Kigogo chake. "Wewe ndiye fundi wa vibuyu?"

"Ndiye mimi, Bwana. Umevunja nini?"

Akaniwekea mkononi kitu cha mviringo, kizito, ngozi nyekundu iliyofifia. Ubavuni kilikuwa kimefumuka na nyuzi zinaning'inia. Nikamwuliza ni matumbo ya mnyama gani. Alicheka mpaka akashika bega lake. Akasema ni mpira wa kriketi, ndio pekee aliobaki nao, na kutoka kwao hadi ufike mwingine pengine yeye mwenyewe hatakuwapo.

Nikaushona. Niliulaza mshono vizuri, laini, usione wapi ngozi imekutana na ngozi. Nilipompelekea nilitegemea sifa. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, uso ukamshuka.

"Ni kazi safi mno," alisema. "Fumua."

Nilikasirika. Hasira yangu ni ya karibu, hata leo. "Nifumue? Bwana, kazi yangu haijawahi kufumuliwa na mtu."

"Mshono usilale, binti. Uinuke kidogo, kidole kiusikie. Mshono ukigusa chini mpira unakata kona, na mwenye kibao anabaki anapiga upepo."

"Kwa hiyo unataka kazi mbovu."

"Nataka kazi mbovu iliyoshonwa vizuri."

Nilifumua, nikashona upya, mshono ukasimama kama kovu. Aliurusha juu, akaudaka, akaurusha tena, na uso wake ukawa wa kijana. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, na mume wangu akawa ananitania kwamba nimepata mume wa pili mwenye masikio mekundu.

Mchezo wenyewe aliwafundisha vijana wa shule, wale wakubwa wenye ndevu ambao walikuwa wanasoma alfabeti na watoto wao wenyewe. Ulichezwa Jumamosi alasiri. Vijiti vitatu vinachomekwa ardhini, mmoja anavilinda kwa kibao, mwenzake anakuja mbio na kurusha mpira aviangushe. Vikianguka umetoka. Kinachobaki ni kubishana. Vijana wetu walikuwa warushaji hodari, tangu utoto wanarusha rungu, lakini rungu hurushwa kwa kukunja mkono, na kriketi inataka mkono ulionyooka. Basi mzee alikuwa anashinda alasiri nzima akipiga kelele, "Kiwiko! Kiwiko!" Neno likatushika. Mtu akikosea jambo lolote kijijini, akiunguza ugali au akikosea njia, tulimwambia kiwiko. Mzee alikuwa akivaa suruali nyeupe na shati jeupe siku hizo, katika vumbi jekundu la Ugogo, na kila Jumamosi jioni mke wa mpishi alikuwa anamwomba Mungu ampe subira ya kufua.

Tatizo lilikuwa ardhi. Kwetu pale ni mchanga, na mpira ukigusa mchanga unakufa hapohapo. Alinilalamikia. Mimi nikamwambia, kama unataka ardhi ngumu, tandika kama tunavyotandika uwanja wa kupuria. Kila mwanamke wa Kigogo anajua kazi hii. Unaleta udongo wa kichuguu, unaumwagia maji, unaushindilia kwa miti hadi uache kulia, kisha unasiriba kwa samadi ya ng'ombe, unaacha ukauke. Uwanja ukitoka vizuri, punje ikianguka inaruka. Tulikwenda wanawake kadhaa tukamtengenezea, naye akiwa amepiga magoti katikati yetu, suruali yote samadi, akisiriba na kutuuliza kila hatua. Ukatoka uwanja mwembamba mrefu, umbo ambalo mwanamke mwenye akili hawezi kupuria, lakini mgumu kama sufuria.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Uwanja wa kupuria hutengenezwa mavuno yakiwa karibu, uwele ukiwa umeinamisha vichwa shambani. Ule wa mzee tuliutengeneza katikati ya kiangazi, mashamba matupu. Tulitaniana tu, tukamwuliza atapura nini, vumbi? Hatukuwaza zaidi ya hapo, na vichekesho vyetu vikatusahaulisha kwamba wako wazee wanaopita na kutazama.

Na lilikuwako lile neno lake. Asubuhi ya kiangazi, mbingu imetakata, hakuna wingu hata la kufunika jicho, yeye alikuwa akisimama mlangoni, anavuta pumzi, anamwambia kila anayepita, "Siku nzuri leo!" Wapita njia walikuwa wanaitikia kwa adabu huku wanashangaa. Kwetu siku nzuri ni siku yenye wingu zito mashariki na upepo wa baridi unaonukia udongo. Jua tunalo, hatulisifu. Nilidhani ni kosa la lugha, kwamba Unguja walimfundisha vibaya. Nikamsahihisha.

"Kwetu kule," alinijibu, "siku nzuri ni kavu. Ukiamka ukasikia mvua juu ya paa, ujue hamna kriketi. Unakaa dirishani na viatu vyako."

Hadithi ya maisha yake nilipewa vipandevipande, nikiwa nashona mpira huohuo kila ulipofumuka, yeye amekaa kwenye kigoda changu, magoti yamefika kidevuni. Baba yake alikuwa fundi viatu katika mji mdogo ambao hata Waingereza wenyewe, alisema, walikuwa wanaupita bila kujua. Alijifunza kurusha mpira nyuma ya duka la baba yake, akilenga ndoo. Akawa hodari, akaitwa kuchezea jimbo lake, akalipwa. Wachezaji wa kulipwa na mabwana wakubwa walikuwa timu moja, lakini mabwana walitokea lango lao na watu wa kulipwa lango la pembeni, wakala chakula mbali. Nikamwambia hilo nalielewa vizuri, hata Boma kuna milango miwili. Akasema ndiyo, ni vilevile.

Alicheza majira machache tu ya joto. Hakuwa maarufu. Lakini ilikuwako siku moja ambayo kila mpira alioutuma ulitii. Walicheza na jimbo kubwa, lenye wachezaji ambao sura zao zilikuwa zinauzwa madukani, naye akawaangushia vijiti mmoja baada ya mwingine mpaka mabwana wa lango kubwa wakaanza kuuliza jina lake. Mkewe, aliyekuwa bado mchumba, alikuwa amesimama na mwavuli kwenye kamba inayozunguka uwanja. Na ule mwavuli akaufungua. Mvua ikanyesha siku hiyo, ikanyesha ya pili, ikanyesha ya tatu, mchezo ukafutwa kama haukuwahi kuchezwa. Mwaka uliofuata bega likaharibika. Akashika useremala, kazi ya babu yake, akaokoka, akaoa, wakaja kwetu.

"Mvua iliniibia siku yangu," alisema.

Nilimfunika mdomo kwa mkono wangu. Kweli nilimfunika, mtu mzima yule, Mzungu. Kwetu neno kama hilo halisemwi nje chini ya mbingu. Alishtuka, kisha akacheka, akadhani ni utani.

Miaka mingi baadaye, vita vimekwisha na Waingereza wameishika nchi, alipita bwana mmoja kijana wa serikali aliyependa kriketi. Nikamwonyesha kibao nikamtajia jina la mwenyewe. Akafikiri, akasema anawajua wachezaji wote wa zamani na huyo hakuwahi kumsikia. Nikamwambia basi umemsikia leo, nikakirudisha kibao ndani. Kijana mwenyewe hakuwa na kosa, lakini aliniudhi.

Lakini nirudi nyuma: mwaka ule tuliotengeneza uwanja, mvua haikuja. Krismasi ilipita bila tone. Mto ukawa mchanga mtupu na tukawa tunachimba visima ndani yake, shimo la kwenda mpaka kiunoni, ili kupata maji ya matope. Ng'ombe walikonda mbavu zikahesabika. Baba yangu ndiye aliyekuwa anashika mambo ya mvua kwa mtemi wetu, yeye ndiye aliyekwenda na kondoo mweusi kwenye makaburi ya wazee. Alikwenda, akarudi, hakuna kitu. Nilimwona akizeeka mwezi ule. Hakuwa amefurahia mimi kuolewa na msomaji wa misheni, lakini hakunitupa, na mimi nilikuwa napeleka maji kwake kabla ya kwangu.

Katika hali hiyo vijana waliendelea kucheza Jumamosi, kwa njaa, kwa sababu hapakuwa na shamba la kulima. Mzee mmoja wa kijiji, mwenye maneno, akasimama kando akauliza, "Bwana, nyinyi kwenu mnaombaje mvua?" Na rafiki yangu, ambaye hakujua kudanganya, akajibu akiwa anafuta jasho, "Kwetu hatuiombi, mzee. Tunaomba isije. Mvua ni mwizi."

Nilikuwapo. Niliona jinsi watu walivyotazama chini, na jinsi macho yao kutoka chini yalivyohamia kwenye ule uwanja. Uwanja wa kupuria, umesiribwa, umekauka, unang'aa, na hakuna aliyepanda hata punje. Hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Jioni ile kisimani nilisikia neno lenyewe likitajwa wazi: Mzungu ameifunga mvua.

Ningeweza kulicheka, kama si Boma. Vile vita vya kusini vya dawa ya maji vilikuwa vimewaacha Wajerumani na woga wa dawa yoyote na manung'uniko yoyote, na Mwingereza hawakumpenda tangu zamani. Mume wangu aliitwa Boma kutafsiri jambo lingine, akarudi uso umekunjamana. "Bwana wa Boma amesikia," aliniambia. "Amesema wazee wakimletea shauri hili, mzee wetu anapandishwa gari moshi siku hiyohiyo hadi pwani, na meli mpaka kwao. Na wazee wanataka baba yako aende nao."

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilimkuta ndani ya minyaa, anafagia. Nilieleza yote, uwanja, wazee, Boma, gari moshi. Nilitegemea aulize habari za uwanja wake. Aliegemea ufagio, akaangalia ile nafasi tupu upande wa kushoto wa kaburi.

"Nilimwahidi nitalala hapa," alisema. "Nilimtoa kwao, binti. Siwezi kumwacha peke yake ugenini."

Nililia, na nikilia huwa nakwenda haraka, kwa hiyo nilijikuta nimefika kwa baba yangu.

Alikuwa amekaa nje ya tembe, ananoa shoka ambalo halikuhitaji kunolewa. Nilipiga magoti nikamsalimu. Nikasema, "Baba, mzee hajafunga mvua. Uwanja nimemtengenezea mimi."

"Najua. Nimeuona. Mkono wako naujua tangu ulipokuwa unachezea matope."

"Basi niadhibiwe mimi."

"Mwanangu, sikiliza. Mtu anayesiriba uwanja kabla ya kupanda anaiambia nini mvua?"

Nikasema sijui.

"Anaiambia haihitaji." Akaendelea kunoa. "Nimechinja, nimeomba, nimenyamaza. Watu wananitazama. Unataka niwaambie nini?"

Nikamwambia habari ya kaburi, na ahadi, na upande wa kushoto. Aliacha kunoa.

Asubuhi yake wazee walikuja na majembe kuuchimba uwanja kabla ya kwenda Boma. Baba alikuwa mbele. Mume wangu alisimama mbali, maana mkwe hamsogelei mkwewe hivihivi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa baba kwa mzee na wa mzee kwa baba. Baba akavua ndala zake za ngozi, akakanyaga uwanja kwa mguu mtupu. Akapiga kisigino. Akainama, akapitisha kiganja.

"Umesiribwa vizuri," alisema, na wazee wakaguna. Kisha akamwambia mzee, "Umefanya uwanja. Nafaka yako iko wapi?"

Nikatafsiri. "Sina nafaka," alisema mzee.

"Shamba lako liko wapi?"

"Sina shamba. Nala chakula cha misheni."

Baba akawageukia wenzake. "Mmesikia. Tangu afike kwetu hajawahi kupanda hata punje. Sasa mtu asiye na shamba ataifungaje mvua? Hajui hata inapita wapi. Huyu hakuifunga. Hajaihitaji, ni hilo tu." Akavaa ndala zake. "Uwanja ukishasiribwa hauchimbwi, unalishwa. Alime. Alime kwa mkono wake, apande, angoje kama sisi. Akikataa, nitakwenda Boma mwenyewe, mbele yenu."

Nilimtafsiria mzee. Aligusa bega lake bovu. Akauliza kama anaweza kulima kwa mkono wa kushoto.

"Ardhi haiulizi mkono," baba alijibu, akamkabidhi jembe lake mwenyewe.

Alilima. Nyie, mtu yule alilima! Kipande kidogo nyuma ya kanisa, ardhi kavu inayorusha cheche, mkono wa kushoto, kofia imelowa. Vijana wake wa kriketi walitaka kumsaidia, baba akakataza. Tulikuwa tunapita tunamwambia "Kiwiko, Bwana, kiwiko!" naye anatutishia kwa jembe. Alipanda uwele katika vumbi kama sisi wengine, na akaanza kungoja kama sisi wengine. Hapo ndipo nilipoona amebadilika. Asubuhi hakusimama tena mlangoni kusifu jua. Alikwenda nyuma ya kanisa, akatazama mashariki, akarudi kimya. Siku moja mbingu ikiwa safi kabisa nikashindwa kujizuia.

"Bwana, siku nzuri leo!"

Alinitazama kwa chuki ya kweli. "Mbaya mno," alisema. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ikaja mvua ya kudanganya, ya kulowesha vumbi tu. Uwele ukachungulia, ukakauka. Wazee wakaanza tena kunong'ona. Mzee akaja kwangu kuomba mbegu nyingine, akapanda mara ya pili, kama baba, kama kila mtu. Nadhani ni wakati huo, si mwingine, watu walipoacha kumwona mgeni. Mgeni hapandi mara mbili.

Ilikuwa Jumamosi. Walikuwa wanacheza, na mzee alikuwa anarusha mwenyewe, jambo ambalo bega lilimruhusu mara chache. Siku hiyo lilimruhusu. Ule mshono wangu ulikuwa unakata kona kila mpira, vijiti vinaanguka, vijana wanatoka mmoja baada ya mwingine wanatikisa vichwa. Sijawahi kumwona hivyo. Nikakumbuka hadithi yake nikajua ninatazama nini. Ndipo upepo ukageuka, ukanukia udongo, na vilima vya mashariki vikapotea. Matone ya kwanza yakapiga uwanja yakaruka. Kisha ikamwagika.

Vijana walikimbilia kanisani. Wanawake tulikuwa tunapiga vigelegele tayari. Yeye alibaki katikati ya uwanja, mpira mkononi, suruali nyeupe imemganda miguuni. Nikaogopa. Nilidhani moyo wake umevunjika mara ya pili, kwa kitu kilekile. Nikatoka kwenda kumshika mkono. Alikuwa ameinua uso, macho ameyafumba, maji yanamtiririka.

"Binti," alipiga kelele, maana mvua ilikuwa na sauti, "siku nzuri!"

Baadaye, akiwa anakausha nywele jikoni kwangu, alisema kwa utulivu, "Na ile mvua ya zamani nimeisamehe. Siku yangu iichukue tu."

Uwele wake ulitoka, haukuwa mwingi, lakini ulitoka. Tuliupuria kwenye uwanja uleule, sisi wanawake tumejipanga kwa safu maana upana haukuwapo. Yeye akaleta kibao chake akasimama kama anavyosimama mchezaji, akapiga masuke kwa mtindo wa kriketi, punje zikaruka hadi kwenye majani. Tukampigia kelele sote kwa pamoja, "Kiwiko!" Baba yangu alikuwa amekaa kivulini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka mbele ya wakwe.

Upepo wa baridi wa baada ya mavuno ulimkuta na kifua. Hakuugua muda mrefu. Aliniita akanipa kibao, akasema kisikae ukutani, kifanye kazi. Akaniuliza kama minyaa ya upande wa kushoto imepunguzwa, isije ikawachoma wachimbaji. Nikamwambia nimeipunguza mwenyewe. Alifurahi sana kwa jambo dogo hilo, akanishika mkono, na mimi sikuona haya kulia.

Tulimzika kando ya mkewe. Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanja cha kanisa wakati wa sala, alikuja na jembe lake, lilelile. Alingoja padre amalize, waimbaji wamalize, akasogea kwenye ukingo. Ulikuwa wakati wa kiangazi tena, mbingu imetakata kuanzia vilimani hadi upande wa reli, hakuna wingu hata moja. Baba aliitazama muda mrefu, yeye mwenye kazi ya kuiomba ijifunike. Kisha akainama, akasema kwa Kiswahili chake kidogo ambacho hakupenda kukitumia mbele za watu:

"Siku nzuri, mzee. Kavu kabisa."

Akaanza kurudishia udongo.